Jina, Bima na Kadi ya Chama

Mwaka 1982 wafanyakazi wa The Village Voice, gazeti la kila wiki la New York, walikaa mezani na mwajiri wao kujadili mkataba mpya. Chama chao kilikuwa District 65, na miongoni mwa wawakilishi alikuwapo mwandishi Jeff Weinstein. Waliomba kitu ambacho hapakuwa na kampuni binafsi Marekani iliyokuwa ikikitoa: bima ya afya imfikie mwenzi wa mfanyakazi anayeishi na mtu wa jinsia yake, kama inavyomfikia mke au mume. Wakakipata. Lotus, kampuni ya programu za kompyuta, ilikuja kufanya hivyo mwaka 1991, na ikasifiwa kama ya kwanza kati ya kampuni kubwa zenye hisa sokoni. Ilikuwa sera nzuri, lakini ilikuwa sera: mwenye kuitoa ndiye mwenye kuiondoa. Wale wa gazeti walikuwa na karatasi yenye sahihi za pande mbili, miaka tisa kabla.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Lynn Conway alifukuzwa IBM mwaka 1968 wakubwa walipojua kwamba anabadili jinsia. Alikuwa mhandisi aliyekwisha kuifanyia kampuni kazi nzito ya usanifu wa kompyuta, na baadaye, kwa jina jipya na mahali pengine, alishirikiana na Carver Mead kuweka njia ya kusanifu chipu iliyofundishwa vyuo vikuu kote. IBM ilimwomba radhi mwaka 2020. Miaka 52 ilikuwa imepita. Siku ile anafukuzwa hakuwa na kifungu chochote cha kushika.

Haya yafuatayo ni mambo ambayo watu wa kamati za kuunda vyama katika teknolojia, michezo ya kompyuta na vyombo vya habari huyajua, mengi kwa kuwa waliyakosea kwanza. Ni ya Marekani, kwa sababu sheria za kazi haziazimwi kutoka nchi moja kwenda nyingine.

Anza na sheria mbili zinazochanganywa kila siku. Moja ni ile ya haki za kiraia ya 1964, sura yake ya VII, inayokataza ubaguzi kazini. Tarehe 15 Juni 2020, katika kesi ya Bostock, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba kumfukuza mtu kwa kuwa anapenda watu wa jinsia yake, au kwa kuwa amebadili jinsia, ni kumbagua kwa misingi ya jinsia. Anayebaguliwa hufungua lalamiko EEOC, tume ya fursa sawa kazini, ndani ya siku 180, au 300 pale ambapo jimbo au mji una chombo chake cha kushughulikia ubaguzi wa aina hiyo. Siku zinahesabiwa tangu tukio lenyewe, siyo tangu idara ya utumishi ilipokujibu. Hapo ndipo wengi huanguka: wanasubiri "uchunguzi wa ndani" umalizike, nao unamalizika siku ya 190. Pia sheria hii humhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi. Studio ya michezo yenye watu tisa iko nje yake, na studio za ukubwa huo ni nyingi, kwa hiyo angalia sheria ya jimbo kabla ya kukata tamaa.

Nyingine ni sheria ya mahusiano ya kazi ya 1935. Hii haitaji mapenzi wala jinsia. Inachokilinda ni wafanyakazi kushirikiana kuhusu ujira na hali ya kazi, wawe na chama au wasiwe nacho. Lalamiko hupelekwa NLRB, bodi ya mahusiano ya kazi, ndani ya miezi 6. Mameneja hawamo, wala wakandarasi huru wa kweli. Kiongozi wa timu huwa katikati: cheo chake hakiamui kitu, kinachoangaliwa ni kama ana mamlaka halisi ya kuajiri, kuadhibu au kuwapangia wengine kazi kwa uamuzi wake mwenyewe.

Tofauti yake kwa vitendo ni sahihi ya pili. Mtu akiandika peke yake, "meneja wangu ananiita kwa jina langu la zamani na nimemkataza mara nne," ameshika sheria ya kwanza. Akiandika na mwenzake, "sisi wawili tunaomba utaratibu wa kushughulikia majina katika kitengo hiki," ameshika zote mbili, na hata mwenzake ambaye hana uhusiano wowote na LGBTQ (wanaopenda watu wa jinsia yao au waliobadili jinsia) naye amelindwa. Ndiyo maana mwandaaji mzoefu akiletewa malalamiko, swali lake la kwanza huwa: nani mwingine yumo?

Kuna mtego kwenye maneno, na umekuwapo tangu zamani. Mwaka 1949 mafundi wa kituo cha utangazaji cha Charlotte, North Carolina, walikuwa kwenye mgogoro na mwajiri wao, kampuni ya Jefferson Standard. Wakasambaza vipeperushi wakiponda ubora wa vipindi vya televisheni ya kituo hicho. Hawakutaja mgogoro wa kazi hata kwa neno moja. Wakafukuzwa, na mwaka 1953 Mahakama ya Juu ikasema kampuni ilikuwa na haki: walichokishambulia ni bidhaa, na shambulio hilo halikuunganishwa na madai yao ya kazi. Kesi hiyo ina miaka zaidi ya 70 na bado inanukuliwa.

Sasa fikiria sekta ambazo bidhaa yenyewe ndiyo huumiza. Oktoba 20, 2021 wafanyakazi wa Netflix walitoka nje kupinga kipindi cha mchekeshaji walichosema kinawadhihaki watu waliobadili jinsia. Siku chache kabla, mmoja wa viongozi wa maandalizi alikuwa amefukuzwa. Kampuni ikidai alivujisha takwimu za siri, naye akikana. Malalamiko yalifika NLRB, yakaondolewa Novemba. Machi 2022 wafanyakazi wa Disney nao waliacha kazi kwa mapumziko ya dakika 15 kila siku na kisha siku nzima tarehe 22, wakipinga ukimya wa kampuni juu ya sheria ya Florida inayobana mazungumzo ya LGBTQ darasani. Hasira ilikuwa ya haki katika visa vyote viwili. Lakini kisheria, kulalamikia kipindi tu, au siasa za kampuni tu, ni kusimama kwenye barafu nyembamba walikozama wale mafundi wa Charlotte.

Dawa ni kuunganisha, na kuunganisha kwa ukweli. Usiandike "mchezo huu unawadhalilisha watu" ukaishia hapo. Andika kilichotokea kazini: kwamba wasimamizi watatu wa gumzo la wachezaji wamekuwa wakisoma vitisho vya kuuawa zamu nzima tangu tangazo litoke, kwamba wawili kati yao ni watu waliobadili jinsia na vitisho vinawataja, kwamba wanaomba kubadilishana zamu kila saa mbili, kuficha majina yao kamili kwenye akaunti za kazi, na siku mbili za mapumziko yenye malipo. Hayo ni mazingira ya kazi. Maoni juu ya mchezo yanaweza kufuata, aya ya tatu.

Na ushahidi? Daftari la karatasi, nyumbani. Tarehe, saa, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, nani alikuwapo. Usitume nyaraka za kampuni kwenye barua pepe yako binafsi hata kama zinakuhusu, maana hiyo ndiyo sababu rahisi kuliko zote ya kumfukuza mtu, na mara nyingi itashikilia. Mishahara mnaruhusiwa kuambiana, hiyo ni haki yenu na kampuni ikikataza inavunja sheria. Takwimu za bidhaa na mapato ni kitu kingine kabisa.

Kampuni nyingi kubwa zina vikundi vya wafanyakazi wa LGBTQ vinavyogharimiwa na kampuni yenyewe. Vina faida: mtu mgeni hupata marafiki, na bajeti ya vitafunio ipo. Kuunda chama ndani yake ni kosa. Gumzo lake liko kwenye mfumo wa kampuni na idara ya utumishi inaweza kulisoma. Mameneja ni wanachama, wengine kwa nia njema kabisa. Kikundi hicho kikianza kujadiliana na uongozi kuhusu malipo kwa niaba ya wafanyakazi huku kikilishwa na kampuni, kinagusa katazo la mwajiri kuanzisha au kuendesha chama chake mwenyewe. Tena kuna jambo la hesabu. Ukianzia kwa kikundi hicho, kampeni huonekana ni ya watu 40 katika jengo la watu 600, na uongozi utawapa hao 40 chumba kipya na barua ya pongezi.

Orodha ndiyo kazi. Andika kila mtu wa kitengo kwenye karatasi: zamu yake, anakaa karibu na nani, nani humsikiliza. Wape namba 1 hadi 5, ambapo 1 ni mtu anayewavuta wengine na 5 ni mpinzani. Msimpe mtu 1 kwa sababu anaongea vizuri mkutanini. Mpe 1 alipopewa kadi tano za kuomba chama akarudi na tano zenye sahihi. Kisheria, kadi za asilimia 30 zinatosha kuomba uchaguzi wa NLRB. Ukienda na 30 utashindwa. Kampuni ikianza kuitisha mikutano ya kuwatisha watu, kadi hupukutika, kwa hiyo waandaaji hawasogei kabla ya kufika 65 au 70. Kamati nayo iwe na angalau mtu mmoja kwa kila kumi, kutoka kila zamu. Kamati ambayo wote ni wa LGBTQ ni dalili kwamba hamjatoka kwenye meza yenu ya chakula cha mchana.

Inasaidia kukumbuka mambo yalivyokwenda kwa wapimaji wa michezo, wale wanaoicheza kutafuta kasoro kabla haijatoka. Julai 2021 jimbo la California liliishtaki kampuni ya michezo ya Activision Blizzard kwa ubaguzi na unyanyasaji wa kijinsia. Wafanyakazi wakatoka nje tarehe 28, wakidai pamoja na mengine kufutwa kwa usuluhishi wa lazima, yaani kesi ya mfanyakazi kusikilizwa faraghani badala ya mahakamani. Kelele zilikuwa kubwa, na dai hilo kampuni ililikubali Oktoba kwa kesi za unyanyasaji na ubaguzi. Chama cha kwanza ndani ya kampuni hiyo, hata hivyo, hakikuzaliwa na kelele hizo moja kwa moja. Kilizaliwa Desemba, katika studio ya Raven huko Wisconsin, wapimaji 12 walipoambiwa mikataba yao inaisha. Wenzao waligoma kwa wiki kadhaa, wakapiga kura Mei 2022, 19 dhidi ya 3, na mkataba wao wa kwanza ukapatikana mwaka 2025. Miaka mitatu. Anayekwambia mkataba wa kwanza huchukua miezi sita anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kwa nini wapimaji? Wanalipwa kidogo kuliko wengine, wengi ni wa muda, wanakaa chumba kimoja wakifanya kazi moja, na mchezo ukikaribia kutoka ndio hao hukesha. Pia ni mlango ambao watu wengi wa LGBTQ huingilia sekta hii. Kwa hiyo dai la mshahara na dai la heshima hukutana kwenye mwili wa mtu yuleyule, na kampeni ikijua kuyasema yote mawili kwa pumzi moja, inakwenda. Huko Uingereza watu wa LGBTQ wa London walichangisha fedha kwa wachimba makaa wa Wales wakati wa mgomo wa 1984 hadi 1985, na chama cha wachimbaji kikarudisha fadhila kwa kuunga mkono haki zao kwenye mkutano wa chama cha Labour mwaka 1985. Walianza na pesa. Hotuba zilikuja baadaye.

Sasa jambo ambalo karibu kila kamati hulisahau mara ya kwanza. NLRB ikishaamuru uchaguzi, mwajiri hupewa siku mbili za kazi kukipa chama orodha ya wapiga kura: majina, anwani, simu na barua pepe binafsi alizonazo. Orodha hiyo hutoka kwenye faili za malipo, yaani majina ya kisheria. Mwanachama aliyejitoa mhanga kwa miezi minane chini ya jina ambalo kila mtu analijua anajikuta kwenye orodha kwa jina la zamani, na mtu wa kujitolea kutoka tawi jingine la chama anabisha mlango wa nyumbani kwake na kulitamka mbele ya mama mwenye nyumba. Siku ya kura ni hivyohivyo: waangalizi wa pande zote mbili hukaa mezani na kutafuta jina la kila anayeingia. Tengenezeni orodha yenu wenyewe mapema, yenye jina la kutumika kando ya jina la kisheria, ishikwe na mtu mmoja au wawili tu. Orodha ya mwajiri ikifika, mtu huyo huipitia kabla ya mwingine yeyote kuiona. Na kaeni na kila mhusika faraghani, wiki moja kabla, mkamwambie mezani kutakuwa na nani na ataombwa kusema nini. Mwangalizi wa upande wenu achaguliwe kwa ustaarabu wake, siyo kwa ukali.

Baada ya kura ndipo daftari, yaani mkataba, linapoandikwa. Vifungu vinne vinastahili muda.

Kifungu cha kutobagua huwa cha kwanza na huonekana chepesi. Wanasheria wa kampuni huleta sentensi fupi: kampuni haitabagua "kwa mujibu wa sheria zinazotumika." Msitie sahihi. Sentensi hiyo haiongezi kitu juu ya sheria, na sheria ikitafsiriwa upya, kifungu chenu kinasinyaa nayo usiku huohuo. Andikeni makundi kwa majina: mwelekeo wa kimapenzi, utambulisho wa kijinsia, namna mtu anavyojionyesha, hali ya ndoa au mwenzi, hali ya VVU. Na pasiwe na maneno "kama sheria inavyotaka" popote karibu na orodha hiyo. Angalieni pia upande wa pili: mwaka 2009, katika kesi ya 14 Penn Plaza, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba chama kinaweza, kwa maneno ya wazi, kuwafungia wanachama njia ya mahakama kwenye kesi za ubaguzi na kuwabakiza kwenye usuluhishi wa mkataba tu. Kwa hiyo ongezeni sentensi moja inayosema mfanyakazi habaki bila haki yake ya kwenda mahakamani.

Kifungu cha majina kinaonekana kidogo, na ndicho chenye mitambo mingi. Kampuni ya kawaida ya teknolojia ina jina lako sehemu nyingi kuliko unavyodhani: mfumo wa utumishi, malipo, bima, akiba ya uzeeni, beji, barua pepe, gumzo, kalenda, namba ya mezani, mfumo wa tiketi, hazina ya programu-chanzo, orodha ya waliotengeneza mchezo, na kwa waandishi, jina juu ya kila makala iliyowahi kuchapwa. Jina la kisheria linahitajika kwenye chache tu kati ya hizo: malipo na kodi, kwa kuwa fomu ya W-2 lazima ilingane na kumbukumbu za hifadhi ya jamii (Social Security), uthibitisho wa ruhusa ya kazi, bima, akiba ya uzeeni. Kwingine kote ni mazoea.

Kinachoharibika ni hiki. Fundi wa kompyuta anabadili jina kwenye barua pepe Jumatatu, kila mtu anafurahi, Jumanne asubuhi jina la zamani limerudi. Hakuna aliyelirudisha. Mfumo wa utumishi ndio chanzo, na kila usiku hunakili majina kwenda mifumo mingine. Ni sharti mfumo huo uwe na nafasi mbili, jina la kisheria na jina la kutumika, na kila mfumo unaopokea uelekezwe upya uchote kutoka nafasi ya pili. Mabadiliko hayo hufanywa mara moja kwa kampuni nzima, siyo mtu kwa mtu, na ndiyo sababu yanafaa kuwa dai la chama.

Hazina ya programu-chanzo ni ngumu zaidi. Kwenye Git, programu inayotunza historia ya kila badiliko la msimbo, alama ya utambulisho ya kila badiliko huhesabiwa pamoja na jina na barua pepe ya mwandishi, na kila badiliko hubeba alama ya lililotangulia. Ukibadili jina kwenye badiliko la miaka mitano iliyopita, alama zote zilizofuata zinabadilika na nakala za kila mtu hazilingani tena. Hakuna meneja atakayekubali, na kwa hilo mtakuwa mmepoteza siku ya majadiliano bure. Dai faili la .mailmap badala yake: huwekwa juu kabisa ya hazina na kuambia programu zionyeshe jina jipya mahali pa la zamani. Kasoro yake ni kwamba barua pepe ya zamani hubaki imeandikwa ndani ya faili hilo, na kama ilikuwa na jina la zamani, iko wazi kwa atakayelifungua. Mwambieni mhusika kabla, aamue mwenyewe.

Kwa magazeti, dai ni kubadili jina kwenye makala za nyuma bila kuweka chini yake ile taarifa ya masahihisho. Masahihisho yanayosema "makala hii awali ilichapwa kwa jina la fulani" yanamtangaza mtu upya kila makala inaposomwa. Wahariri wakongwe watakataa kwa jina la uaminifu kwa kumbukumbu. Wakumbusheni kwamba waandishi wengi wameandika kwa majina ya kubuni tangu magazeti yaanze na kumbukumbu haikufa. Kwa wa michezo, orodha ya watengenezaji ni suala la riziki, maana ndiyo wasifu wao wa kazi. Mkataba wa 2025 wa wafanyakazi wa ZeniMax, kampuni ya michezo, unaigusa, na ni vizuri kuusoma.

Kifungu chenyewe kiwe na siku, mifumo na mtu. Kwa mfano: ndani ya siku 10 za kazi tangu ombi la maandishi, kampuni itabadili jina katika mifumo iliyoorodheshwa kwenye kiambatisho, itamtaja afisa mmoja anayewajibika, haitaomba hati ya mahakama isipokuwa pale sheria inapoitaka. Bila kiambatisho mtabishana juu ya maana ya "mifumo husika" hadi mkataba uishe.

Bima. Kwanza uliza ni ya aina gani. Kampuni kubwa nyingi hujilipia zenyewe gharama za matibabu. Nembo ya kampuni ya bima iliyo kwenye kadi yako ni ya karani tu anayeshughulikia madai. Maana yake ni mbili: sheria za jimbo zinazolazimisha bima kugharimia matibabu fulani kwa kawaida hazigusi mpango huo, na aliyeamua kisichogharimiwa ni mwajiri wako mwenyewe, hivyo anaweza kuamua vingine akiwa mezani na nyinyi. Kijitabu chenye picha za watu wanaotabasamu hakina kazi hapa. Omba kwa maandishi muhtasari rasmi wa mpango. Msimamizi wa mpango ana siku 30; akipitisha, mahakama inaweza kumtoza hadi dola 110 kwa siku. Chama kilichokwisha kutambuliwa kinaweza pia kudai taarifa hizo kwa ajili ya majadiliano.

Ukishaupata, ruka hadi orodha ya visivyogharimiwa. Ukurasa wa mbele unaweza kusema matibabu ya kubadili jinsia yamo, na huku nyuma kuondoa nywele na mazoezi ya sauti vimewekwa chini ya "urembo." Kuna na lile tatizo la kompyuta: dai la uchunguzi wa mlango wa kizazi la mtu aliyesajiliwa mwanaume hukataliwa kabla binadamu hajaliona. Mhusika ana angalau siku 180 za kukata rufaa, lakini wengi hulipa kutoka mfukoni kwa aibu na kunyamaza. Andikeni kwamba madai hayatakataliwa kwa kutolingana na jinsia iliyosajiliwa, na kwamba huduma hazitapunguzwa hadi mkataba uishe. Hilo la pili ndilo kampuni italipigania. Zipo kampuni zilizohamisha ofisi, au kuwarudisha watu ofisini, katika majimbo yanayobana matibabu hayo. Kwa hiyo kifungu cha kufanya kazi ukiwa nyumbani nacho ni cha bima, ingawa kimekaa ukurasa mwingine.

Cha nne ni njia ya malalamiko, ambayo bila hiyo vitatu vya juu ni mapambo. Hapa neno usuluhishi huwachanganya watu. Ule wa lazima, unaotiwa sahihi siku ya kuajiriwa, humtoa mfanyakazi mmoja mahakamani na kumpeleka faraghani, peke yake. Wafanyakazi wa Google walioandamana Novemba 1, 2018, na wale wa kampuni ya michezo ya Riot waliotoka Mei 2019, waliupinga huo. Google iliuacha mwaka uliofuata maandamano yao. Sheria ya shirikisho ya Machi 2022 ilizuia waajiri kuulazimisha kwenye kesi za unyanyasaji na shambulio la kingono. Mtu aliyenyimwa cheo kwa sababu ya mwenzi wake, bila unyanyasaji wa kingono ndani ya kesi, sheria hiyo haimfikii. Usuluhishi wa mkataba wa chama ni mnyama mwingine: msuluhishi huchaguliwa na pande zote mbili, chama ndicho hulipia nusu ya gharama na kusimamia kesi, na uamuzi hufuata maneno mliyoandika.

Thamani ya njia hiyo ilionekana mwaka 2025. Januari NLRB ilipoteza akidi baada ya Rais kumwondoa mjumbe wake, ikashindwa kutoa maamuzi kwa miezi mingi, na EEOC ikaziomba mahakama zifute kesi ilizokuwa imefungua yenyewe kwa niaba ya wafanyakazi waliobadili jinsia. Uamuzi wa Bostock ulibaki palepale, na mtu bado angeweza kushtaki mwenyewe. Lakini aliyekuwa na mkataba hakuhitaji kusubiri kiti chochote Washington kijazwe. Alijaza fomu.

Fomu hiyo ina siku zake, mara nyingi 10 hadi 30 tangu tukio, na mwakilishi asiyezihesabu hupoteza kesi nzuri. Mfundisheni kila mwanachama sentensi moja ya kusema akiitwa ofisini: "Je, mazungumzo haya yanaweza kuniletea adhabu? Kama ndiyo, naomba mwakilishi wangu wa chama awepo." Haki hiyo ilithibitishwa mwaka 1975 katika kesi ya Weingarten, na ni lazima uiombe, meneja halazimiki kukukumbusha. Kwa sasa ni ya walio na chama.

Mkataba ukishatiwa sahihi, msingoje kesi kubwa. Wiki ya kwanza tafuteni mwanachama mmoja aliye tayari kupeleka ombi la jina, na mwakilishi akae na kiambatisho mkononi akitia alama kila mfumo na tarehe yake. Siku ya 11 kutakuwa na kimoja kilichosahaulika. Mara nyingi ni beji, kwa sababu mashine ya kuzichapa iko chini ya walinzi, na walinzi ni wa kampuni nyingine ambayo haijausoma mkataba wenu. Fungueni lalamiko la beji.